Msoma Kipimo

Saa moja asubuhi, Bandari ya Kusini.
Ninashuka ngazi saba zenye utelezi;
ya nane imo majini tangu Machi.
Ubao wa kipimo umeegemea nguzo,
konokono amekaa juu ya tarakimu nne.
Nasubiri wimbi lipande, nasubiri lishuke,
nakamata katikati yake:
mita mbili, sentimita arobaini na moja.
Naandika.

Bahitwa, aliyenitangulia, aliandika hivi
miaka thelathini na mmoja bila kuruka siku.
Siku aliyozaliwa bintiye hakuweka namba.
Aliandika: Maji yapo.

Shuleni Buswelu mwalimu Mugeta alichora kwa chaki
Naili, na Hidekeli, na Frati, na Indo,
akagonga ubao kule juu, penye delta:
"Ustaarabu ulianzia hapa."
Ziwa letu lilikuwa chini kabisa, ukingoni,
pale mkono wa shati lake ulipofuta nusu.

Kuhani wa kule naye alikuwa na ngazi.
Za mawe, zimechorwa dhiraa kwa dhiraa.
Alishuka kama mimi, akainama kama mimi,
akapanda na namba moja mdomoni:
maji machache, njaa; mengi mno, msiba;
ya kiasi, kodi.
Ngano haijachipua, deni limeshaandikwa.
Huenda maandishi yenyewe yalizaliwa hivyo,
si kwa mapenzi, si kwa sala,
bali mtu mwenye miguu iliyolowa akiuliza
nani anadaiwa, na ngapi.

Niseme kweli, maana mimi ni mtu wa hesabu:
lile tope jeusi lililonenepesha mashamba yao
halikuwa letu. Lilishuka kutoka Uhabeshi
kwa kishindo, mara moja kwa mwaka, likashangiliwa.
Yetu yalikuwa maji ya kiangazi,
mepesi, ya polepole,
nusu yake yakinywewa na jua kwenye mafunjo ya Sudani,
yakifika kule yamechoka. Lakini yalifika.
Miezi ya ukame mto haukukatika.
Mvua husifiwa; kisima huulizwa kikikauka.

Na huku, nani alikuwepo?
Luchelele, wakichimba shimo la choo kwa dada yangu Holo,
fundi alitoa kigae cha chungu,
kitakoni kina kibonyeo kama alama ya kidole.
Na mavi ya chuma, mazito, meusi.
"Nitupe?"
Niliweka dole gumba langu pale. Likaenea.
Hakuna jina la mfalme. Hakuna deni.
Nikajiambia: ziwa lisilofurika kwa msimu
halimpi mtu sababu ya kumiliki ngazi.

Nilijidanganya hivyo miaka miwili.

Kisha ziwa likapanda.
Kule Igombe liliingia jikoni, likaondoka na masufuria,
na namba zangu zikapelekwa ofisini,
ofisini zikageuka mstari kwenye ramani,
mstari ukageuka kopo la rangi nyekundu
na alama ya X ukutani kwa Nyanzobe, muuza furu.
Alinijia bandarini na ndoo yake.
"Ni wewe unayeliambia ziwa lipande?"
Nikamwonyesha ubao, konokono, daftari.
Akatazama muda mrefu.
"Basi andika pungufu."

Sikuandika pungufu.
Sijui kama huo ni uaminifu
au ni ukuhani ule ule,
wenye kalamu ya shilingi mia tano.

Ng'ambo ya pili Mto Mirongo unashusha maganda ya nyanya,
ndala moja ya mtoto, povu;
unapita chini ya daraja, hakuna anayeutazama,
unaingia ziwani. Kutoka hapo ni safari ya miaka.
Huenda tone moja litagusa zile ngazi za mawe.

Daftari bado liko wazi.
Kando ya namba ya leo, kwa herufi ndogo,
naongeza:
X ya Nyanzobe haijafutika.